Asiyekosa Mechi Hata Moja

Kabla sijaugua nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa familia ya Wajapani huko Randburg, Johannesburg. Kila Alhamisi nilitoa mazulia nje, nikayatundika kwenye kamba ya kuanikia nguo na kuyapiga kwa fimbo mpaka vumbi liishe. Mzee wa nyumba ile hakupenda jinsi nilivyopiga. Siku ya kwanza aliponiona alitoka na ndara zake, akanishika kiwiko akakiinua, akanigonga kisigino kwa mguu wake ili nitanue miguu, akarudi nyuma hatua mbili na kuniamuru kwa kidevu: piga. Nikapiga. Likatoka vumbi la miezi. Mzee akaguna, akaingia ndani. Nilijisemea kwamba huyu ana wazimu kidogo, lakini tangu siku ile nikawa napiga mazulia kwa namna yake.

Naanza na yeye kwa sababu ugonjwa wangu siwezi kuuhadithia bila yeye. Akina mama wawili watatu hapa Troyeville, ambao wameambiwa wao au watoto wao wana kifua kikuu sugu, wameniomba niwaandikie nilivyopita. Mimi si daktari. Majina ya dawa zile nimeyasahau na sina hamu ya kuyakumbuka. Ninachoweza kuwaambia ni jinsi benchi la kliniki linavyokaa chini ya makalio yako miezi ishirini na zaidi, na nilikosea wapi. Hapo nilipokosea ndipo ninapotaka msome mara mbili.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya. Mume wangu, Shabani, anatoka huko huko, na hapa Johannesburg ni mlinzi wa usiku kwenye ofisi za Marshalltown. Mtoto wetu mmoja, Salha, kazaliwa hapa. Wakati huo Salha alikuwa na miaka saba, Kiingereza cha shule na Kizulu cha wenzake vinamtoka kama maji, na Kiswahili alikuwa anakisikia tu. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa namtania, "Wewe mzungu wangu, njoo ule," na tunacheka. Sikujua kwamba siku moja jambo lile halitakuwa la kuchekesha.

Sasa yule mzee. Wajukuu zake walimwita Ojii-chan, yaani babu, nami nikamwita Ojii. Jina lake la kweli naliacha kwa heshima ya familia. Ujanani alikuwa mchezaji wa besiboli wa kulipwa kwao Japani. Binti yake, Madamu Yuko, alinieleza kwa Kiingereza siku moja nikipiga pasi kwamba baba yake ana rekodi. Alicheza mechi baada ya mechi, msimu baada ya msimu, bila kukosa hata moja, na katika ligi yao hakuna aliyekuwa amewahi kufika alipofika yeye.

"Mechi ngapi?" nikauliza.

Madamu Yuko akamtupia baba yake swali. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole albamu iliyokuwa juu ya meza.

"Hapendi kuitamka hiyo idadi," Madamu akasema. "Hata kwetu sisi."

Albamu ile tuliifungua kila siku saa nne, nikishampelekea chai. Kiingereza chake kilikuwa maneno machache na changu hakikuwa kingi, kwa hiyo tulitazama picha na vipande vya magazeti. Huyu hapa kijana mwembamba, ametoka mji wa wachimba makaa, amesajiliwa kuwa mrushaji wa mpira. Hapa bega lake limeharibika katika msimu wa kwanza, wamemgeuza kuwa mpigaji. Hapa kidole chake cha nne kimevunjika. Alikifunga pamoja na cha tatu, akamficha kocha, kesho yake akaingia uwanjani na rungu lake. Kidole chenyewe alininyooshea, kilikuwa kimepinda mpaka leo. Hapa amemzika mama yake asubuhi, na jioni yupo kwenye mstari anasubiri mpira. Madamu Yuko alipita akanitafsiria kwamba siku ile uwanja mzima ulilia.

Nilimpenda kwa hilo, nasema kweli. Mwaka 2008, watu wa nchi nyingine walipokuwa wanafukuzwa vyumbani mwao, sisi tulikaa siku nne bila kutoka, na tangu hapo nilikuwa na sheria yangu moja: usikosekane kazini, usilalamike, usionekane una shida. Nikaona huyu Mjapani na mimi tumesoma shule moja. Ila kulikuwa na kurasa za mwisho za albamu ambazo hakuzifungua. Alikuwa anafika mahali pamoja kila siku, anafunga, anairudishia ule mkanda wa mpira wa kuifungia. Sikumuuliza.

Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na kalenda. Kila asubuhi nikiingia Ojii alikuwa anachukua kalamu nyekundu na kuzungushia tarehe ya siku ile duara. Wiki nzima nilikosa raha. Shuleni kwetu mwalimu akizungushia kitu duara la wino mwekundu, hicho ni kosa. Nikakagua kola nilizopiga pasi, nikahesabu vikombe, nikasugua sakafu upya. Mwishowe nikamuuliza Madamu Yuko nimekosa nini. Alicheka akiziba mdomo kwa mkono. Kwao duara ni sahihi. Kila duara ilikuwa siku niliyofika kazini.

"Game," Ojii akasema, akaninyooshea kidole kile kilichopinda. Yaani na mimi nina mechi zangu.

Kikohozi kilianza Julai 2009, kwenye baridi. Nilisingizia vumbi la mazulia. Agosti nikawa naamka shuka zimelowa jasho, nazifua kabla Shabani hajarudi kutoka lindoni. Septemba sketi zangu nilizikaza kwa pini. Kazini nikihisi kikohozi kinakuja nilikuwa nakimbilia uani, nafungua bomba la maji lipige kelele, nakohoa hapo, naosha uso, narudi ndani. Madamu Yuko aliniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nikasema ni vumbi. Na kalenda ikaendelea kujaa duara, na mimi nikaendelea kujisifu moyoni. Watoto wadogo wawili walikuwa wanacheza katika nyumba ile. Baadaye wote walipimwa, wazee kwa watoto, na Mungu aliwanusuru. Salha wangu pia. Lakini kuna siku bado naiwaza ile jikoni.

Novemba niliona damu kwenye sinki. Hapo ndipo nikaacha kwenda kazini, nikaenda kliniki.

Nawaambia habari ya benchi. Pale kliniki hakuna namba. Kuna benchi refu la mbao linalozunguka kuta tatu, na mtu akiingia kwa Sista, muuguzi wa pale, wote mnasogea makalio mara moja kwenda kulia. Unasogea hivyo saa tatu, saa nne nzima. Mbao imeng'aa kwa kusuguliwa. Wenye kikohozi kikubwa wanaachiwa nafasi pande zote mbili, na nafasi ile ndiyo iliyonieleza kwamba watu wameshajua kabla yangu. Nilipewa vidonge vya kawaida. Sikupata nafuu. Februari 2010 Sista akanishika mkono, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba wadudu wangu hawasikii dawa zile, na ninatakiwa nilazwe hospitali ya nje ya mji.

Nililazwa miezi mitatu na wiki mbili. Kila siku sindano, tako la kulia, tako la kushoto, mpaka yote mawili yakawa magumu na nikawa nalala kifudifudi. Vidonge vilijaa kiganja. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Nilijitazama mara moja tu kwenye kioo cha bafuni, nikamwona mama yangu siku zake za mwisho, na sikujitazama tena. Salha hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa anasimama nje ya uzio na baba yake siku za Jumapili, anapunga mkono, na mimi napunga kutoka dirishani. Tulikuwa tunapunga mpaka mikono inachoka, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja wa Limpopo aliyenigawia machungwa. Aliwaambia madaktari kwamba masikio yake yanalia. Wakamwachisha sindano, kwa kuwa ndizo zinazoua masikio. Wiki chache baadaye niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Hakuna aliyenieleza kilichomuua, na mimi sikuuliza. Nilijumlisha mwenyewe: ukisema masikio yanalia, wanakuachisha sindano, na ukiachishwa sindano unakufa. Nilijumlisha vibaya, lakini ndilo wazo nililotoka nalo hospitalini.

Nilirudi nyumbani mwanzo wa Juni, niendelee na sindano kliniki kila asubuhi. Sharti la kwanza lilikuwa madirisha. Yawe wazi mchana na usiku, hewa ipite. Nanyi mnajua Juni ya Johannesburg. Shabani alikuwa anarudi asubuhi kutoka lindoni, miguu imekufa ganzi, anakuta chumba ni kama nje. Kikombe changu alikifunga uzi mwekundu kwenye mshikio kisichanganywe na vingine. Hilo nilielewa. Siku ya tano akasimama mlangoni na koti lake.

"Mama Salha, hii baridi itatumaliza. Weye unataka tugande sote humu ndani?"

"Sista kasema yawe wazi, Baba Salha. Ni kwa ajili yenu."

"Najua. Mie nitalala kwa rafiki yangu Bez Valley. Mpaka baridi ipungue."

"Na mtoto?"

Akamtazama Salha aliyevaa kofia na soksi za mikononi, anachora mezani. "Mtoto kakataa. Nimeshamuuliza."

Alisema ni baridi, nami nilimwachia aseme ni baridi. Akawa analeta unga na mafuta siku za Jumapili, anaviweka mlangoni. Nililia, siwafichi. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Shule zilikuwa zimefungwa mwezi mzima kwa sababu ya Kombe la Dunia. Salha alikuwa nyumbani nami, na mji wote ulikuwa unapuliza vuvuzela. Asubuhi mpaka usiku, mtaani, kwenye magari, dirishani kwetu yale yaliyo wazi. Nilimwambia Salha kwamba hawa watu hawalali. Fainali ikapita, wageni wakaondoka. Siku ya tatu baada ya fainali tulikuwa tunamenya viazi, nikamuuliza, "Mpaka lini watapuliza hawa?"

Salha akaacha kisu. "Who, Mama?"

Nikatega sikio vizuri. Vuvuzela zilikuwa ndani ya kichwa changu.

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Kila asubuhi Sista, akishanichoma, aliniuliza swali moja: "Masikio?" Na kila asubuhi nilijibu, "Sawa." Nilimwona akilini yule mama wa Limpopo. Nilimwona na Ojii na kidole chake kilichofungwa. Nyumbani nilikuwa nachora duara kwenye kalenda yangu mwenyewe kila nikichomwa, na nilikuwa sijakosa hata moja. Sauti nyembamba zilianza kuondoka kwanza: ndege, kengele ya baiskeli, birika likichemka. Simu nikawa sipokei, namwachia Salha.

Mwishoni mwa Julai Sista alipiga simu mchana, Salha alipokuwa ametoka shule. Sikumsikia wakati anaongea. Nilimwona tu anaitikia kwa kichwa. Kisha akaja mbele yangu, na kwa kuwa alijua nachoka kumwambia arudie Kiingereza, alijikaza aniambie kwa Kiswahili:

"Mama, kesho uende hospitali. Kwa chumba ya masikio. Kuna mashine. Saa mbili. Sharp."

Nilimbusu kwa Kiswahili chake. Asubuhi saa mbili nilikuwa hospitalini, mbele ya mlango wa chumba cha masikio. Umefungwa. Nikakaa kwenye kiti. Saa tatu ukawa bado umefungwa, saa nne umefungwa. Walipita manesi, alipita mfagiaji, alipita mtu mwenye funguo kiunoni. Sikumuuliza hata mmoja. Saa nne na nusu nikainuka nikaenda zangu kliniki kuchomwa sindano.

Kesho yake Sista akauliza, "Ulikwenda?"

"Nilikwenda," nikasema. Na haukuwa uongo.

Mtoto aliyesomeshwa saa kwa Kiingereza, akiambiwa saa ni mbili ya mchana, hana habari kwamba kwetu hiyo ni saa nane. Kwake mbili ni mbili. Mashine ilikuja mchana, mimi nikiwa nimekwisha rudi nyumbani na kulala. Na mashine ile ilikuwa inapita mara moja kwa mwezi.

Mwito wa pili ulikuja Agosti, kwa barua. Salha alinisindikiza, kwa sababu sasa nilihitaji mtu wa kunisikilizia. Yule kijana wa mashine alifungua faili, akasema jambo, akaonyesha saa ya ukutani. Nikaona uso wa Salha unabadilika. Aliangalia ile saa muda mrefu, akanitazama mimi, akatazama chini. Nikavishwa vile visikizio, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nilikaa mle nikisubiri waanze. Walikuwa wameanza zamani.

Sindano nikaachishwa siku ileile. Vidonge nikaendelea navyo, na sikufa. Sista aliniandikia kwenye karatasi kwamba ningepimwa mwezi mmoja nyuma pengine sehemu ingeokolewa. Aliandika pengine mara mbili. Masikio hayakusimama hapo, yaliendelea kwenda hata baada ya sindano kwisha. Oktoba mijakaranda ilipochanua nilikuwa bado nasikia mlango ukibamizwa. Novemba ilikuja ile mvua ya alasiri, nikaona umeme unapasua anga juu ya mapaa ya Bertrams, nikasubiri radi. Salha aliziba masikio yake kwa viganja. Mimi nilikuwa namtazama tu.

Na Salha alikuwa amenyamaza. Tangu siku ile ya mashine hakunisemesha tena. Alikuwa na daftari, anaandika kwa Kiingereza: food is ready. I am going to school. Nikimwambia aniambie kwa mdomo, anatikisa kichwa anaandika. Nilifikiri ananionea aibu kwa wenzake. Niliumia, na nikiumia nakuwa mkali. Nilimgombeza kwa sauti ambayo sikuweza kuisikia, na nadhani ilikuwa kubwa, maana majirani walifungua milango.

Desemba ulikuja ujumbe wa simu kutoka kwa Madamu Yuko. Wanarudi Japani, na baba yake anataka kuniona. Kazi nilikuwa nimeshaipoteza tangu nilipolazwa. Alinitoa kwa barua nzuri na sanduku la matunda, nami sikumlaumu. Kliniki walishaniandikia kwamba siambukizi tena. Nikaenda Randburg. Nyumba ilikuwa maboksi tu, mazulia yamekunjwa na kufungwa kamba.

Ojii alikuwa jikoni. Tulikaa mezani kama zamani, na kwa kuwa siku zote tuliongea kwa picha na mikono, uziwi wangu haukuwa na kazi kati yetu. Ilikuwa nafuu kubwa, sikuwa nimekaa na mtu hivyo kwa miezi. Akafungua albamu, akapita kidole kilichovunjika, akapita mazishi, akafika pale pa kufunga. Hakufunga. Akageuza ukurasa.

Madamu Yuko alikaa pembeni, akawa ananiandikia kwa Kiingereza kila anachosema baba yake. Misimu miwili ya mwisho jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia giza. Hakumwambia mtu. Walipopimwa macho alisimama nyuma ya mwenzake, akakariri herufi anazozitaja, naye akazitaja hivyo hivyo. Mipira ikawa inampita. Timu inafungwa. Kocha alijua, lakini watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya rekodi, basi akawa anamwingiza apige mara moja tu, anamtoa, mechi inahesabiwa. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akingoja nafasi ile. Alingoja misimu miwili, akarudishwa kwao bila kucheza. Siku moja Ojii mwenyewe alimwomba kocha jina lake lisiandikwe.

Picha ya ukurasa ule ilikuwa ya siku hiyo. Yeye kakaa benchi, kofia iko gotini, na nyuma yake uwanja mzima umesimama unampigia makofi. Nikamwonyesha kidole gumba, kwamba ni jambo zuri. Akaufunika ule umati kwa kiganja chake. Akabakiza mtu aliye kwenye benchi peke yake. Kisha akainua kidole kimoja.

Akatamka maneno mawili. Madamu akaandika: Anasema alipaswa kukaa hapo mwaka mmoja kabla.

Halafu akatoa kalenda ya jikoni ya mwaka 2009. Alikuwa ameitunza. Duara zangu zote nyekundu zilikuwepo, na kuanzia Julai kila duara ilikuwa imekatwa kwa msalaba wa wino mweusi. Wiki kwa wiki, mpaka Novemba. Nikamtazama Madamu Yuko, naye alikuwa ameacha kuandika, anafuta macho. Ilibidi baba yake amguse mkono.

Aliandika: Anasema hizi hazihesabiwi. Alikuwa anakusikia ukikohoa uani, kwenye bomba. Alisikia kila siku, na akachora duara. Anaomba msamaha.

Yule mzee aliinama kichwa mpaka kikagusa meza. Kwetu mzee haombi msamaha kwa namna ile kwa mtu anayemfulia. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake wenye kidole kilichopinda, tukakaa hivyo. Nilikuwa na hasira naye pia, nakiri. Lakini njia nzima ya kurudi Troyeville niliiwaza ile misalaba, na nikaanza kuelewa ukimya wa mtoto wangu.

Nilimkuta Salha anakunja nguo. Nikamkalisha kitandani, nikakaa mbele yake.

"Salha, ile siku ya mashine. Unafikiri ni wewe?"

Machozi yalijibu.

"Nisikilize, mwanangu. Mlango niliukuta umefungwa, na nilifurahi. Unanielewa? Nilifurahi. Nilijua masikio yanakufa tangu vuvuzela. Sista aliniuliza kila siku, nikamdanganya kila siku. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote pale mashine inafunguliwa saa ngapi. Sikutaka kujua. Wewe ulikosea saa tu. Mimi nilijificha."

Midomo yake ikaanza kwenda kasi, Kiingereza, na mimi sikukamata hata neno. Nikamshika mashavu.

"Polepole. Na sema Kiswahili. Kiingereza sikioni mdomoni mwako."

Akavuta pumzi. Akafungua mdomo wake wote, kama mtu anayemlisha mtoto.

"Mimi... nilisema... vibaya."

Niliyaona maneno yote. Lugha niliyonyonya, nilikuwa naijua hata kwa umbo lake mdomoni, na sikuwahi kujua kwamba naijua. Ilikuwa sentensi ya kwanza kunifikia tangu radi zilipokufa. Nilimwambia arudie, akarudia, na tulilia wote wawili na nguo zikabaki bila kukunjwa.

Kuanzia siku hiyo Salha akaanza kujifunza Kiswahili, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kunifikia. Alikosea ngeli zote. Alisema chumba yangu, kiti kubwa, mtu hii. Alimpigia simu baba yake kumuuliza maneno. Shabani alirudi nyumbani Septemba 2011, joto la mwaka wa pili liliporudi, nami nilimpokea, ingawa sijasahau. Yeye sikuweza kumsoma midomo kwa sababu ya masharubu. Alikuwa anamtuma Salha aniambie. Siku moja akatoka bafuni ameyanyoa, akakaa mbele yangu na mdomo wake mtupu ambao sikuwa nimeuona tangu tuoane, akaniuliza kama kuna chai.

Masikio hayakurudi na hayatarudi. Kuna siku nakaa dirishani natazama watu wa mtaa wanafungua na kufunga midomo, na naona chuki kwa kila mtu mwenye masikio. Siwaambii kwamba inapita. Nawaambia tu kwamba Sista akikuuliza, mjibu kweli, siku hiyohiyo, hata kama unaogopa jibu lake. Siku ulizojikaza ukaficha hakuna anayekuhesabia.

Vidonge vya mwisho nilivimeza Februari 2012. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kitandani, sina habari na saa. Salha akaingia amevaa sare ya shule, ana glasi ya maji na kiganja kimejaa dawa. Alizunguka akasimama upande wa dirisha, mwanga umpige usoni, kama alivyojizoesha.

"Mama," akasema. "Ni saa mbili."

Nikamtazama. Sikuigeukia saa ya ukutani. "Saa mbili ipi?"

Alitabasamu kidogo, akatamka polepole nisikose hata herufi.

"Ya kwetu, Mama. Kunywa."

Nikanywa.